Kisanduku cha Mabega na Shetani Aliyetaka Halua

Kosa langu kubwa kazini nililifanya siku ya kwanza, sijakizoea hata kigoda: nilijifanya shetani, nikamdai mama yangu mzazi halua.

Nalitanguliza mwenyewe kwa sababu nyinyi wawili mnaokuja kushika kazi, Saumu na Nassor, mtalisikia tu hata nikilificha. Jogoo wa kesi ile yupo bado uani pale zahanati, na kila anayeuliza jogoo huyu wa nani hupewa hadithi nzima, na jina langu, na la baba yangu. Bora mlisome kwa hati yangu.

Mimi Hamadi, mstaafu. Umri wangu miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu hapa Wete, na nimetumikia miaka miwili ya Jumamosi na likizo, ukitoa Ramadhani. Habari za vyeo sitawachosha nazo: niliingia mtu wa kisanduku, nimetoka mtu wa kisanduku. Mshahara ulikuwa mkate wa kumimina, kipande kimoja, na siku Bi Zuhura akikasirika kipande kilikuwa chembamba. Wastaafu wengine huagwa kwa saa ya ukutani. Mimi nilistaafishwa na kisanduku chenyewe, kwa ushahidi wa taa, na huko tutafika.

Bi Zuhura mnamjua. Ni mtaalamu wa viungo, jirani yetu, na shoga wa mama tangu wakiwa chuoni wanasoma juzuu. Alikwenda Bara kusomea kazi yake, akarudi na kitu amekizonga kanga mbili kama mtoto mchanga, akapewa chumba cha nyuma cha zahanati ile. Akanichagua mimi niwe mtu wa kisanduku kwa kuwa niliwahi kuifungua redio yake na kuirudisha, na skrubu iliyobaki ilikuwa moja tu.

Kisanduku chenyewe ni kama redio ndogo ya mawe manne ya betri. Mbele kina safu ya taa kumi: za kijani chini, za manjano kati, nyekundu juu. Zinatoka waya tatu, na mwisho wa kila waya pana kibandiko. Mgonjwa anabandikwa baina ya shingo na bega, pale mama zetu wanapotwambia "nikande hapa". Msuli ukikaza, taa zinapanda na kisanduku kinalia. Ukilegea, zinashuka na kinanyamaza. Basi. Mtaulizwa kila siku kama kinapiga shoti. Jibu ni kwamba hakitii kitu mwilini, kinasikiliza tu. Na mawe yabadilisheni kabla hayajaisha, maana kisanduku chenye mawe machovu hunyamaza, mgonjwa akadhani amepona.

"Hiki hakiponyi mtu, Hamadi," Bi Zuhura aliniambia. "Hiki ni kioo. Mtu halioni bega lake linavyopanda hadi sikioni. Hapa atalisikia, na akishalisikia atajifunza kulishusha mwenyewe. Mwenyewe, umefahamu? Bila kidonge."

"Nimefahamu."

Sikuwa nimefahamu. Nilikuwa nakiangalia kitufe cha ubavuni. Ni kitufe cha ukali: ukikizungusha mpaka mwisho, kisanduku kinapiga ukelele hata mgonjwa akimeza mate.

Tena lipo pazia. Wanawake hubandikwa na Bi Zuhura nyuma ya pazia, waya zinapita chini yake, na mtu wa kisanduku anakaa upande huu na taa zake. Humwoni mgonjwa, mgonjwa hakuoni. Hata akiwa mama yako. Desturi nzuri sana, ila aliyeiweka hakunifikiria mimi.

Sasa mama. Mama yangu, Bi Riziki, anashona kofia za viua. Mnajua kazi ile: tundu juu ya tundu, kichwa kimeinama tangu chai ya asubuhi hadi alasiri, na sindano haina huruma na shingo ya mtu. Miaka mingi shingo ilimuuma, ikapanda kisogoni, ikamshika kichwa kizima. Akawa anameza vidonge vya maumivu vya dukani, viwili asubuhi, viwili jioni, na vya katikati ambavyo hakuna aliyevihisabu. Daktari akamwambia wazi: "Bi Riziki, tumbo limeshachubuka kwa vidonge hivi. Ukiendelea utatapika damu."

"Nikiviacha, shingo nitaiweka wapi?" mama akamuuliza.

Bi Zuhura ndiye aliyesema, "Njoo kwangu, shoga." Kwa hiyo mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa mama, na kwa kuwa mama haendi mahali papya peke yake, alikuja na bibi, mama yake. Bibi mambo ya mashetani anayajua kama mimi ninavyoujua mkate wa kumimina.

Bi Zuhura akambandika mama, akaanza kumweleza, mara akaitwa mbele kushika mtoto anayedungwa sindano. "Tulieni, narudi," akasema. Akatoka. Mimi nikakizungusha kile kitufe, nione tu.

Kisanduku kikalia kama paka aliyekanyagwa.

"Yarabi!" bibi akasema nyuma ya pazia. "Kapanda!"

"Nani kapanda?" mama akauliza.

"Nyamaza wewe, sisemi na wewe." Nikasikia bibi anajiweka sawa, na sauti yake ikawa ya heshima ambayo mimi sijapata kupewa. "Karibu, mgeni. Nakuuliza kwa adabu. Ndiyo, lia mara moja. Siyo, lia mara mbili. Umetoka nchi kavu?"

Sasa niambieni nyinyi. Mtu ana kitufe mkononi, anaulizwa kwa adabu namna ile. Nikakipandisha na kukishusha, kisanduku kikalia mara mbili.

"Baharini?"

Mara moja.

"Nimejua mie! Wataka ubani?"

Mara moja. Sikutaka kuonekana shetani asiye na malezi.

"Kuku mweusi?"

Mara mbili haraka haraka, kwa sababu kuku mweusi wa nyumbani alikuwa akitaga.

"Mwekundu?"

Mara moja.

"Nguo? Pete? Basi wataka nini tena, bwana mkubwa? Halua?"

Hapo uaminifu wangu wa kazi ulikatika. Kisanduku kililia mpaka taa zote kumi zikawaka pamoja. Bibi akauliza sahani au kikapu, shetani akataka kikapu. Akauliza kipelekwe njia panda au mgombani, shetani akakataa kote, akataka kiletwe humo humo chumbani kiwekwe karibu na kigoda. Mwisho bibi akauliza: "Ukipewa, utamwachia mwanangu shingo yake?"

Nililiza mara moja. Ndivyo nilivyomwahidi mama yangu uponaji, mdomo umeshanijaa mate.

Jumatatu, skuli zimefungwa, bibi alileta kila kitu. Jogoo mwekundu alizungushwa juu ya kichwa cha mama mara saba akaachiwa uani, na yupo hadi leo, na akiniona hunifukuza. Halua ilikuwa ya Wete khasa, na iliki yake. Niliimaliza nimesimama nyuma ya mlango.

Na mama akapona! Siku sita. Alizunguka nyumba anaimba, shingo imenyooka kama ya bibi harusi. Nikaanza kujiona tabibu. Siku ya saba maumivu yakarudi, na hayakurudi peke yake, yalikuja na khofu. Akaamini kakasirisha kitu. Bi Zuhura akimwita, jibu lake moja: "Mle ndani mna kinachonijua jina. Sirudi." Siku moja natafuta sindano kwenye mkebe wa nyuzi, chini ya nyuzi nyeupe nikakuta vidonge. Alikuwa anameza kwa siri, na anashika tumbo akidhani hatumwoni.

Halua ikanipanda kooni, wiki mbili baada ya kuila.

Nikamwambia Bi Zuhura kila kitu. Nilingojea kofi. Yeye akauliza, "Siku ngapi hakuumwa?"

"Sita."

Akaandika sita kwenye daftari. "Basi shingo ile inajua kulegea," akasema. "Aliamini kaachiwa, akaacha kujikaza. Kupona kwake kulikuwa kwa kweli, Hamadi. Kilichokuwa uongo ni wewe. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Jumamosi."

Hakuniuliza Jumamosi ipi, na mimi sikumkumbusha.

Nikabaki kazini kwa adhabu, na adhabu ikageuka elimu. Aliyenisomesha zaidi ni Mzee Makame wa Konde, mchumaji karafuu aliyeanguka mtini miaka ya nyuma. Mfupa ulishaunga, picha ya hospitali ilisema mzima, na mgongo ulikuwa unamuuma kila siku ya Mungu. Siku ya kwanza alikaa kitini kama mtu aliyeletwa mahakamani.

"Nasikia kwenu hapa mnawaambia watu wanaigiza," akasema.

"Nani kakwambia, mzee wangu? Unaumwa kweli," Bi Zuhura akamjibu. "Jeraha limepona ila ulinzi umebaki. Mwili wako unaulinda mgongo kama vile ungali uko hewani unaanguka. Tutaufundisha kwamba umeshafika chini."

Mzee Makame akaegemea kiti kidogo, akasema, "Hilo la kufika chini hajaniambia mtu."

Tukamtaka aseme maumivu yake ni ngapi katika kumi. Mtalikuta tatizo hili kila siku. Ukimuuliza Mpemba anaumwa kiasi gani, atakujibu "Alhamdulillah", na hiyo Alhamdulillah inaweza kuwa mbili au tisa. Kulalamika anaona kama kumnung'unikia Mungu. Mzee Makame aling'ang'ania Alhamdulillah zake Jumamosi tatu, mimi naandika daftarini "Alh., Alh., Alh." Siku ya nne nikachoka, nikamwambia, "Mzee, kama maumivu ni mkarafuu, leo umepanda hadi wapi?"

Akacheka. Akafikiri kwa makini, kama mtu wa kazi anayeulizwa habari ya kazi yake. "Leo nimepita tagaa la tatu. Jana nilikuwa kileleni, tena upepo unavuma."

Bi Zuhura alinitazama, na siku ile kipande cha mkate kilikuwa kinene. Tangu hapo daftari letu halina namba. Lina shina, tagaa la kwanza, matagaa ya kati, kilele. Msilibadilishe. Wanawake wa Wawi ambao hawajapata kupanda mti hata mmoja wanakujibu mara moja.

Mzee Makame alifundishwa kupumua kwa tumbo, mkono mmoja kifuani na mmoja tumboni, wa tumboni ndio upande. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, taratibu, kama unapoza uji wa mtoto. Alifundishwa kazi ya vipande: afagie jamvi la karafuu robo yake, apumzike mgongo ungali unacheka, aendelee. Asingojee mgongo umwombe. Hili gumu kuliko yote, maana wanaume wa huku hupumzika wakishaanguka.

Kisanduku nacho kikatufundisha mambo yetu. Mnajua miaka hii ya vyama vingi ilivyo, mtu hanunui chumvi duka la chama kisicho chake. Chumbani mwetu pana mabenchi mawili, na bila ya mtu kupanga, chama hiki wanakaa huku na chama kile wanakaa kule. Siku likipita gari la kipaza sauti, mabega ya mabenchi yote mawili yanapanda sawasawa, taa hazichagui. Mzee Makame alipanda hadi nyekundu kwa gari la chama chake mwenyewe. "Usiandike hiyo," akaniambia. Nami sikuandika, hadi leo.

Mwaka wangu wa pili kazini ukielekea kwisha, alikuja nyumbani kuagiza kofia ya Idd. Alikaa barazani, mama yuko ndani ya mlango, mimi katikati nashika vipimo.

"Mgongo wako, Mzee Makame?" mama akauliza.

"Nipo tagaa la kwanza, Bi Riziki. Siku nyengine nipo shinani nakaa kivulini," akajibu akicheka.

Mama hakuelewa matagaa, ila kile kicheko alikielewa. "Na kile kisanduku... hakikukudai kitu?"

"Kilinidai pumzi tu."

Nilidondosha uzi wa vipimo, nikachukua muda mrefu kuuokota.

Jumamosi mama akarudi, akamkataza bibi asije. Akamwambia Bi Zuhura kwamba atajaribu Jumamosi tatu. Zisipomfaa, atarudi kwenye vidonge vyake kweupe, na tumbo liwe litakavyokuwa. Ya kwanza, taa hazikushuka chini ya manjano. Ya pili, vilevile. Bi Zuhura alimfundisha pumzi, akamfundisha kuweka sindano chini kila akimaliza safu moja ya viua, mama akafuata yote, na bega likabaki juu.

Jumamosi ya tatu Bi Zuhura akaona kitu. Nilikohoa, taa zikaruka. Akanipungia mkono nitoke nje. Baada ya muda akaniita, nikaingia, nikaambiwa nisalimie.

"Asalaam aleikum, mama."

Tii, tii, tii. Nyekundu.

Akanitoa tena. Akaniita tena. Nikitoka, taa nne. Nikiingia, nane. Nilitaka kucheka: kisayansi kabisa, ugonjwa wa mama ni mimi. Majirani walikuwa wakilisema siku zote bila ya mashine.

Bi Zuhura akanifuata uani. Jogoo naye akaja.

"Leo ndiyo siku yako ya mwisho kazini," akasema. "Unaziona taa. Hapumziki ukiwa umekaa na kisanduku."

"Ana hasira na mimi?"

"Hasira ya nini, naye hajui ulilolifanya?" Akashusha sauti. "Nimemuuliza sasa hivi. Anachelea kile kitu kisije kikatoka kwake kikakurukia wewe. Anakaza mabega akulinde, mjinga wee."

Sikutaka kucheka tena. Jogoo akanidonoa mguuni, nikamwacha.

Nitaruka mbele kidogo, halafu nirudi, kwa sababu mwisho nimewawekea mama. Leo ninapoandika ni mwezi wa nne hajameza kidonge. Tumbo limetulia, daktari kasema. Maumivu hayakuisha. Zipo siku anafika matagaa ya kati, ila sasa anajua njia ya kushukia. Mkebe wa nyuzi una nyuzi tu, nimeuangalia. Saumu, wewe utakaa na daftari. Nassor, wewe kisanduku, na kile kitufe cha ubavuni nimekifunga uzi wa kofia mafundo matano. Ukikuta mafundo manne nitajua.

Basi narudi uani. Niliingia ndani, nikakaa kigodani mara ya mwisho. Upande wa pili wa pazia sikuona kitu. Nilisikia pumzi ya mama tu, anajitahidi kupoza uji. Kifuani mwangu mimi, kama ningebandikwa, kisanduku kingepasuka.

"Mama."

Taa nane.

"Mama, yule shetani wa siku ile hakuwapo. Alikuwa mimi. Kuna kitufe. Halua niliila mimi, nyuma ya mlango. Hakuna kitu ndani yako, na hakuna cha kunirukia. Nisamehe, mama."

Bi Zuhura kasimama mlangoni hata hapepesi macho. Niliziangalia taa kwa sababu sikuwa na uso wa kuuangalia, na nilijua kitakachotokea: zitajaa zote kumi, nikimbilie Konde.

Ikazimika ya nane. Ikazimika ya saba, na ya sita nyuma yake. Zikateremka moja moja, taratibu, kama mtu anayeshuka mtini na kikapu chake kimejaa, hadi ikabaki moja ya kijani. Kisanduku kikanyamaza. Katika miaka miwili sijapata kukisikia kimya namna ile.

Nyuma ya pazia mama akashusha pumzi ndefu, akasema:

"Nami nilijiuliza. Shetani gani wa Pemba ataomba halua asiombe na kahawa?"